Miiko ya mwaka mpya wa Wachina: ni sauti za maneno tu, au kuna zaidi?

Mchanga wa Pwani (1)
Wakuu, salaam. Naweka hoja, anayeweza aivunje.

Miiko ya Chunjie, mwaka mpya wa Wachina, watu huipeleka kwenye mizimu na nyota. Mimi nasema ni masikio tu. Kichina kina silabi chache na maneno mengi, kwa hiyo maneno yanagongana kwa sauti, na siku ya mwaka mpya kinachogongana na neno baya kinafungiwa nje. Samaki ni yú, ziada nayo ni yú, basi samaki lazima awe mezani usiku wa kuamkia mwaka, na lazima abaki. Peasi ni lí, kutengana ni lí: usimpelekee mtu peasi. Kumpa mtu saa ya ukutani ni sòng zhōng, sauti ileile ya kumsindikiza mzazi kaburini. Kitabu ni shū, kushindwa ni shū. Nne ni sì, kufa ni sǐ.

Hata lile neno fú, "neema", linalobandikwa kichwa chini ni hayohayo: "kupinduka" ni dào, "kufika" ni dào. Neema imepinduka, neema imefika.

Mwenye mwiko usioingia kwenye kamusi aulete hapa.

Kaditama (2)
Ufagio. Siku ya kwanza hakuna kufagia. Sauti gani hapo?

Mchanga wa Pwani (3)
Rahisi. Vumbi ni chén, kuukuu ni chén.

Bi Meko (4)
Mkuu, hapo umeshika mkia ukadhani ni kichwa. Chén ndiyo sababu ya kufagia KABLA ya mwaka. Vumbi linatoka na ukuukuu unatoka nalo. Haielezi kwa nini mtu asifagie baada ya hapo.

Mpangilio wenyewe ni huu. Tarehe 23 ya mwezi wa 12 wa kalenda yao kwa watu wa kaskazini, 24 kwa wengi wa kusini, mungu wa meko Zaojun anapanda mbinguni kutoa ripoti ya nyumba. Anapewa peremende ya kimea inayonata, wengine wanampaka asali mdomoni kabisa, kisha picha yake ya karatasi inachomwa. (Peremende hiyo iwekwe nje kwenye baridi. Ikikaa ndani penye joto inakuwa ulimbo, itamziba mdomo mwenye nyumba badala ya mungu.) Kaskazini 24 ndiyo siku ya kufagia kuanzia darini kushuka chini, 25 tofu, 26 nyama, 27 jogoo, 28 kuumua unga, 29 kupika mikate ya mvuke. Usiku wa mwisho watu wanakesha.

Usiku huo ufagio unafichwa. Siku ya kwanza kitu kikimwagika kinafagiliwa KUELEKEA NDANI, kutoka mlangoni kuja katikati ya chumba, kinalundikwa pembeni. Hakitoki hadi tarehe 5. Ukifagia kuelekea mlangoni umeisukuma riziki nje. Sasa nionyeshe ukurasa wa kamusi.

Kaditama (5)
Kumbe na sisi tusiofagia usiku tuna ndugu mbali. Bado kuulizana kama nao hawauzi sindano baada ya magharibi.

Karani wa Zamani (6)
Sindano nayo imo, Kaditama, ila kwao ni kutoshona siku ya kwanza.

Kuhusu ufagio, nendeni nyuma kidogo. Kipo kitabu cha karne ya 6, *Jingchu Suishiji* cha Zong Lin, kinachoeleza desturi za mwaka za eneo la kati la mto Yangtze. Humo watu wanafunga sarafu kwenye ncha ya fimbo, wanaitupa kwenye jaa na kusema "ruyuan", yaani "iwe kama nilivyoomba". Ngano yenyewe ni ya mfanyabiashara aliyepewa kijakazi aitwaye Ruyuan, kila akitakacho bwana kinapatikana. Siku ya mwaka mpya binti akachelewa kuamka, bwana akampiga, akakimbilia jaani na kutoweka. Kwa hiyo kwenye takataka za siku ile kuna mtu wa riziki amejificha. Ukizitupa umemtupa yeye.

Kitabu hichohicho kinasema walitia mianzi moto uani ipasuke, kuwatisha mazimwi ya milimani yaitwayo shansao. Hakimtaji yule mnyama Nian anayesimuliwa kila mahali leo, eti anaogopa rangi nyekundu na kelele. Neno nián asili yake ni mavuno: kamusi ya Xu Shen ya mwaka 100 hivi inalifasiri kuwa nafaka iliyoiva. Mnyama amekuja baadaye kulielezea neno.

Nyuzi Tisa (7)
Mnatafuta mbali. Orodhesheni vilivyokatazwa siku ya kwanza: ufagio, kisu, sindano, mkasi, kufua. Hizo zote ni kazi za nani nyumbani? Mwiko ndiyo likizo pekee ambayo mama mkwe hawezi kuipinga. Chakula kimekatwa na kupikwa tangu tarehe 29, siku ya kwanza ni kupasha tu.

Bi Meko (8)
Nyuzi Tisa, maneno matamu hayo, lakini wiki nzima kabla ya hapo huyo mama amesaga tofu na kuchinja jogoo, na usiku wa manane anachemsha vibumunda vya jiaozi. Likizo gani? Na kufua kuna sababu yake: tarehe 1 na 2 husemwa ndiyo siku ya kuzaliwa ya mungu wa maji, usimmwagie uchafu. Kisu kinakata bahati. Kila kimoja kina mwenyewe.

Mchanga wa Pwani (9)
Sawa, ufagio nimeupokea, hesabuni bao moja. Lakini kuosha nywele siku ya kwanza? Nywele fà, kutajirika fā. Ukiosha nywele umeosha utajiri. Kamusi hiyo.

Mkazi wa Lulu (10)
Unasoma kwa Kimandarini halafu unaruka toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Fà ni toni ya nne, fā ya kwanza, kwa sikio la Beijing ni maneno mawili. Nenda Kikantoni: nywele *faat*, kutajirika *faat*, toni moja, hakuna tofauti hata chembe. Mwiko huu unauma zaidi Guangdong na Hong Kong. Vivyo hivyo namba 8: Kimandarini bā na fā hazigusani sana, Kikantoni *baat* na *faat* ni vina kamili.

Ukitaka hoja yako isimame, hamia kusini mkuu. Huko hata bucha linafuata masikio. Ulimi ni *sit*, sauti ileile ya hasara, basi ulimi wa nguruwe ukabatizwa *lei*, "faida". Viatu ni *haai*, kama mtu anayeshusha pumzi ya huzuni, kwa hiyo hakuna kununua viatu mwezi wa kwanza. Saladi ya majani ni *saang choi*, inasikika kama kuzalisha mali. Hutundikwa mlangoni simba wa ngoma aje kuitafuna.

Kuna na fungu jeusi la bakteria wa jangwani linalofanana na nywele, *faat choi*, hupikwa na chaza wakavu kwa sababu linasikika kama "tajirika". Kulikwangua kuliharibu nyanda za kaskazini hadi serikali ikapiga marufuku kulichuma na kuliuza mwaka 2000. Mchezo wa maneno ulioleta jangwa.

Kaditama (11)
Hilo la mwisho limeniacha mdomo wazi.

Karani wa Zamani (12)
Tukiwa kwenye nywele: kuosha ni siku ya kwanza tu, kunyoa ni mwezi mzima. Usemi wa kaskazini ni kwamba ukinyoa mwezi wa kwanza mjomba wako anakufa, na mjomba ni kaka wa mama, jiùjiu, si baba mdogo. Vinyozi wanakaa bure hadi tarehe 2 ya mwezi wa 2, siku "joka linapoinua kichwa". Hapo foleni inatoka nje ya mlango.

Maelezo ni mengi. La kwanza: mwaka 1645 Wamanchu, watawala wapya, waliwaamuru wanaume wa Kihan, Wachina walio wengi, wanyoe mbele ya kichwa na kusuka mkia nyuma. Waliokataa wakaacha nywele mwezi wa kwanza kwa "kuwaza ya zamani", sī jiù, masikio yakageuza kuwa sǐ jiù, "mjomba afe". La pili: kinyozi fukara asiyekuwa na zawadi alikuwa akimnyoa mjomba wake kila mwaka mpya. Mjomba alipofariki, kila mwezi wa kwanza ukaja na kilio. La tatu ni la kikavu: watu walikuwa wananyoa kabla ya sikukuu, vinyozi wakafunga, mazoea yakazaa mwiko.

Nyuzi Tisa (13)
La tatu linanitosha.

Mkazi wa Lulu (14)
Linakutosha wewe, halimwelezi mjomba. Kwa nini yeye na si shangazi?

Fundi Karatasi (15)
Nirudi bandiko la 1 kwenye fú ya kichwa chini, maana watu wanaharibu milango kwa kuifuata.

Mlango mkuu unabandikwa fú iliyosimama wima. Ya kupinduka ni ya mtungi wa maji, pipa la taka na kabati. Sababu: dào pia ni kumwaga, na vyombo hivyo ndivyo vinavyomwagwa, basi fú inapinduliwa ili "kumwaga" kugeuke "kufika". Mlangoni hakuna cha kumwaga. Ndiyo, leo milango mingi ina ya kupinduka na hakuna atakayekufukuza, lakini mzee anayeshika kanuni atakuangalia mara mbili.

Asili yake? Wapo wanaosema mtumishi asiyejua kusoma katika jumba la mwanamfalme Gong aliigeuza, msimamizi akamwokoa na viboko kwa kusema "neema imefika". Wengine wanampeleka mfalme Zhu Yuanzhang na malkia Ma. Ngano zote mbili zina mtu asiyejua kusoma na mwenye akili anayemwokoa. Chagueni.

Beti pacha za mlangoni sasa, yaani mistari miwili ya karatasi nyekundu. Ukisimama unautazama mlango, mstari wa kwanza unakaa KULIA, wa pili kushoto, kwa sababu maandishi ya zamani yalianzia kulia. Kama ukanda wa juu umeandikwa kuanzia kushoto, geuza na mistari ikaanzie kushoto. Utajuaje wa kwanza ni upi? Soma neno la mwisho: toni ya 3 au ya 4 ni mstari wa kwanza, toni ya 1 au ya 2 ni wa pili.

Gundi: unga wa ngano kijiko kimoja kwa maji vijiko vitano, koroga ukiwa baridi usishike mabonge, kisha moto mdogo hadi uwe uji mzito. Kwangua karatasi ya mwaka jana kwanza. Kule Harbin kwenye baridi kali paka uji ukiwa moto na ubandike hapohapo, la sivyo unaganda kabla haujashika. Picha za miungu ya mlangoni, Qin Qiong mweupe wa uso na Yuchi Gong mweusi, lazima zitazamane. Zikipeana migongo walinzi wamegombana.

Nyumba yenye msiba haibandiki nyekundu, sehemu nyingine hadi miaka mitatu. Usiwapelekee.

Karani wa Zamani (16)
Fundi, safi, ila kipimo chako cha toni kina tundu. Kanuni ilitungwa kwa matamshi ya kale yenye maneno yanayokatika kwa p, t, k, na hayo yote huhesabiwa upande wa toni 3 na 4. Kimandarini kimeyatawanya. Neno fú lenyewe ni mfano: leo ni toni ya 2, lakini Kikantoni bado wanasema *fuk*. Kwa kanuni ya kale halifungi mstari wa pili.

Fundi Karatasi (17)
Kweli. Na nusu ya karatasi zinazouzwa sokoni zinakosea hapohapo.

Kaditama (18)
Nimesikia ukishabandika, mwenye kukudai haruhusiwi kugonga mlango. Wauzaji wa uji wa unga wako wapi?

Bi Meko (19)
Ndivyo. Madeni yanafukuzwa hadi usiku wa mwisho, karatasi nyekundu ikishapanda mdai anasubiri sikukuu iishe. Usifurahi, deni halifutiki.

Chungu cha Mvuke (20)
Mmepita jiaozi kama hamna njaa. Ni vibumunda vya kuchemsha, vinafungwa kwa umbo la kipande cha fedha cha kale. Jina linasikika kama "makabidhiano ya saa ya zǐ", yaani saa tano usiku hadi saa saba, mwaka unapokabidhiwa. (Mchanga, chukua bao.)

Unga wa ngano gramu 500, maji baridi mililita 250, chumvi kidogo. Kanda, funika, pumzisha nusu saa. Ukiruka hapo, kila ukisukuma unga unajirudisha. Kata vidonge vya gramu 8 hadi 10, sukuma duara la sentimita 7 au 8, kingo nyembamba na kitovu kinene. Kitovu kikiwa chembamba kinapasuka chini ambako huoni.

Ujazo: nyama ya nguruwe ya kusaga gramu 300 yenye mafuta, kabichi ya Kichina gramu 400 iliyokatwa ndogo, ikatiwa chumvi dakika 15 na KUKAMULIWA. Tangawizi, kitunguu majani, sosi ya soya, mafuta ya ufuta. Koroga upande mmoja tu hadi nyama ivute. Wasiokula nguruwe wafuate Wahui, Waislamu wa China, kondoo kwa karoti au ng'ombe kwa kitunguu.

Maji yakichemka tumbukiza, sukuma kwa mgongo wa upawa ili vitembee visigande chini. Yakichemka tena mimina kikombe cha maji baridi, mara tatu. Maji baridi yanatuliza ganda huku ndani kunaiva.

Miiko: usihesabu unavyofunga. Usitie kabichi iliyochachushwa, uchachu unaitwa suān, ndiyo neno la machungu. Kikipasuka usiseme "kimepasuka", kaskazini wanasema zhèng, neno lenye maana ya kufumuka na ya kuchuma pesa pia. Sarafu ichemshwe kwanza kabla ya kuificha ndani. Siku hizi wengi wanatia karanga au tende, meno ni ghali.

Nyuzi Tisa (21)
Sasa hapa ndipo hoja ya bandiko la 1 inapogeuka. Kinapasuka, wanachagua neno jingine. Sahani ikivunjika wanasema suìsuì píng'ān, suì ya "vipande" ikawa suì ya "mwaka", kila mwaka amani. Kwa hiyo sauti ni dawa ya mkosi. Mkosi ulikuwepo kabla ya sauti.

Mchanga wa Pwani (22)
Hilo nalala nalo.

Mkazi wa Lulu (23)
Wakati analala, bahasha nyekundu. Jina lake yāsuì qián: suì ya umri, au suì nyingine ya zimwi linalowatisha watoto usiku, pesa chini ya mto ndiyo inalikandamiza. Noti ziwe mpya. Kiasi kiwe shufwa, witiri ni ya matanga. 4 isionekane, wala 40, wala 400. Pokea kwa mikono miwili, usifungue mbele ya mtoaji.

Guangdong wenye ndoa wanawapa wasio na ndoa, hata wa miaka 40. Viwango huko ni vidogo, yuan 5 au 10 inamtosha mlinzi wa jengo. Kwenye WeChat, programu ya simu ya Wachina, bahasha zilianza mwaka 2014 na moja haizidi yuan 200.

Kwa wa Kariakoo mnaoagiza Guangzhou na Yiwu: mafundi wanaondoka kabla ya sikukuu na viwanda vingi havijai watu hadi tarehe 15 ya mwezi wao ipite. Mzigo usiotoka mapema hesabu umelala. Siku ya kufungua, bosi anagawa bahasha. Siku hiyo usianze na malalamiko ya bidhaa mbovu.

Kaditama (24)
Tarehe zenyewe? Kila mwaka zinahama.

Karani wa Zamani (25)
Hazitoki nje ya 21 Januari na 20 Februari. 2025 ilikuwa 29 Januari, mwaka wa Nyoka. 2026 ni 17 Februari, Farasi. 2027 ni 6 Februari, Mbuzi. Usiku wa mwisho huitwa "tarehe 30 ya mwaka" hata mwezi ukiisha na 29, na tangu 2025 hadi 2029 mfululizo unaisha na 29.

Mwaka wa Joka wa 2024 haukuwa na siku ya Lichun, mwanzo wa machipuko: iliangukia 4 Februari, mwaka ukaanza 10. Mwaka kama huo huitwa "wa mjane", watu wanakwepa kuoa. Wa Nyoka ukapata Lichun mbili, wakakimbilia harusi. Kalenda tupu hiyo, hakuna sauti wala zimwi.

Nyuzi Tisa (26)
Bao la nne, au la tano? Nani anahesabu?

Zumaridi (27)
Uzi mtamu. Swali dogo: mtu akialikwa nyumba ya Wachina siku hizo abebe nini? Na yule samaki analiwaje?

Bi Meko (28)
Machungwa madogo yenye majani yake, idadi shufwa isiyo 4. Yakifungwa mekundu ni sawa, meupe hapana. Usiende tarehe 3, siku ya ugomvi.

Samaki: kichwa kinamwelekea mkubwa wa meza au mgeni, na sahani ikishatua haizungushwi. Ukimaliza upande wa juu usimgeuze, hasa kwa watu wa pwani, kumpindua samaki ni kupindua mashua. Chomeka vijiti chini ya uti wa mgongo kuanzia mkiani, mmoja ashike kichwa, uinue uti wote kama kifuniko. Nyama ya chini unaikuta wazi. Kichwa na mkia vinabaki hadi kesho. Wenye uwezo wanaweka samaki wawili, mmoja haguswi.

Mchanga wa Pwani (29)
Nimeamka. Machungwa kwa Kikantoni *gam*, dhahabu *gam*. Samaki, ziada. Bao zangu!

Mkazi wa Lulu (30)
Na mashua iliyopinduka je? Hiyo ni picha, si sauti.

Zumaridi, kuhusu matofaa angalia mji. Kimandarini píngguǒ ina píng ya amani, peleka. Kishanghai inasikika kama "kufa kwa ugonjwa". Kama mwenyeji wa Shanghai ana mgonjwa ndani, yaache dukani.

Zumaridi (31)
Mwenyeji ni wa Shanghai ila amekulia Harbin.

Bi Meko (32)
Beba machungwa.